Ukingo wa Vidole Viwili

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, kiganja kimoja juu ya kipande cha tano cha karatasi na kingine juu ya cha sita, nikivisogeza polepole kama mtu anayenyoosha shuka chini ya mtoto aliyelala, ndipo mjukuu wangu alipoingia na viatu vyake na kupiga ukelele.

"Bibi, ni nane!"

"Nane nini? Na viatu?"

"Wanapita mara nane, Bibi! Ndugu zao wote wanaojulikana wanapita mara saba. Hawa wangu wanapita nane. Profesa ataanguka chali!"

Alinibusu juu ya kitambaa cha kichwa, akaviruka vile vipande kama anaruka dimbwi, akaenda jikoni kutafuta cha kutafuna. Mimi nilibaki pale pale juu ya magoti yangu. Sikuwaza nane wala saba. Niliwaza lile neno moja, Profesa, na namna alivyolitamka: kwa sauti ambayo kwa miaka ishirini nyumbani kwetu ilikuwa ya neno Bibi peke yake.

Nilimwita Chiriku tangu akiwa mdogo, kwa sababu aliongea kutoka anapofungua macho mpaka anapoyafumba. Mama yake, binti yangu wa pili, alinikabidhi akiwa na miaka mitatu, pamoja na mfuko mmoja wa nguo na kikombe cha plastiki chenye mpini uliovunjika, akaenda kuanza maisha mapya na mume mpya katika nyumba ambayo haikuwa na nafasi ya mtoto wa zamani. Sikulalamika. Babu yake alipokuwa hai alimwita mke mdogo, nami nikamwita mke mwenzangu, kama wazee na wajukuu wanavyotaniana, tukawa tunamgombania mzee mmoja asiye na meno ya mbele. Mzee alipofariki tukabaki wake wenza bila mume, na utani ukaendelea. "Mke mwenzangu, leo zamu yako ya vyombo." "Zamu yangu ilikuwa jana, bi mkubwa, usinionee." Sikujua kwamba ningekuja kuletewa mke mwenza wa kweli, na kwamba tutakayemgombania ni Chiriku mwenyewe.

Huyo Profesa sikuwa nimemwona kwa macho. Nilimjua kwa alichokuwa anaacha juu ya mtoto wangu. Mwaka ulipoanza, Chiriku aliacha sukari kwenye chai, kwa kuwa Profesa haweki. Akaanza kusukuma miwani kwa mgongo wa kiganja, kama watu waliovaa glovu, hata akiwa anakula. Akaanza kuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Siku moja nilimwambia aanue nguo, mvua inakuja.

"Ushahidi uko wapi, Bibi?"

Nikamwonyesha goti langu la kushoto. Alicheka, lakini nguo hakuanua, na zililowa. Ndani ya roho yangu, Mungu anisamehe, nilifurahi kuziona zinachuruzika.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza, maana masomo yangu yaliishia darasa la saba. Mwili umejengwa kwa seli, na kila seli imezungushiwa utando wa mafuta, mwembamba kupita ngozi ya kitunguu. Katika utando huo kuna protini zilizoshonwa kama uzi kwenye kitambaa: zinaingia, zinatoka, zinaingia tena. Kichwa kiko nje kinasikiliza habari, mkia uko ndani unazifikisha. Na kila protini inaweza kuandikwa, kwa sababu imetungwa kwa shanga za aina ishirini, na kila aina imepewa herufi yake. Herufi mia tatu na zaidi kwa mstari mmoja, bila nafasi, bila maana ya kusomeka. Kuna zinazopenda mafuta, kama L na I na V na F. Zikikusanyika ishirini hivi mahali pamoja, basi huenda hapo ndipo uzi unapopenya utando.

Chiriku alipewa protini tisa za binadamu, ndugu wa ukoo mmoja, ambao hakuna aliyejua sawasawa wanasikiliza nini. Alitakiwa awapange mmoja chini ya mwingine mpaka herufi zinazofanana zisimame safu moja, kisha aonyeshe sehemu ambazo hazijabadilika kwa wote tisa.

"Sehemu zilizohifadhiwa, Bibi. Kitu kikikaa vile vile kwa ndugu wote, ujue kina kazi. Kisingekuwa na kazi kingeshapotea zamani."

"Kama pua ya babu yako. Mama yako anayo, mjomba wako anayo, na wewe unayo."

"Na hiyo pua ina kazi gani?"

"Kukoroma."

Profesa alikuwa na sharti moja. Hakuna mwanafunzi wake aliyeruhusiwa kuiuliza kompyuta kabla jicho lake halijaifanya kazi hiyo mara moja kwa karatasi, mkasi na penseli za rangi. Mashine inamjibu hata mtu asiyejua ameuliza nini: ndivyo alivyosema, na nitakiri, kwa shingo upande, kwamba ni neno zuri. Kwa hiyo sebule yangu ikageuka maabara. Viti tulivisukuma ukutani. Vile vipande tisa, kila ndugu na chake, kila kimoja kirefu kuliko mkono wangu, vililala sakafuni tangu mlangoni mpaka karibu na dirisha. Manjano kwa herufi za mafuta, kijani kwa herufi iliyosimama safu moja kwa wote. Chiriku aliposhinda chuoni, mimi ndiye niliyepaka rangi.

Wala hakunionea huruma kunipa kazi hiyo. Nilikuwa na macho. Miaka ishirini na sita nilipanga herufi za risasi katika kiwanda cha chapa, moja moja kwa vidole, nikizisoma kinyume. Tulichapa hata vitabu vya lugha ambazo sikujua salamu zake. Msimamizi wetu, mtu mfupi aliyenuka mafuta ya taa siku zote, alikuwa akisema kwamba anayeelewa husoma anachokitarajia, asiyeelewa husoma kilichopo. Ndiyo maana akanitoa kwenye makasha ya herufi akanipa kusoma prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapa.

Na kiwanda kile kilikuwa na utaratibu wake. Kila prufu iliachiwa ukingo wa vidole viwili upande wa kushoto. Ukiona kosa, usimwite mtu, usipige mdomo, usimwaibishe aliyepanga. Weka nukta moja ya penseli ukingoni, nyepesi, mkabala na mstari. Nukta haikusema kosa ni nini. Ilisema tu: angalia hapa. Aliyepanga ataiona, ataangalia mwenyewe, atajua. Tulifanya kazi hivyo miaka yote, na sikumbuki watu wawili waliogombana kwa ajili ya kosa.

Chiriku alipokata vipande vyake alivikata mpaka kwenye herufi ya kwanza.

"Hujaacha ukingo," nilimwambia.

"Ukingo wa nini, Bibi? Hakuna atakayesahihisha."

Hayo yote yalikuwa kabla ya ile siku ya nane, ambayo ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi alipoondoka, nilivuta kigoda, nikaweka rula wima juu ya vipande vyote tisa, nikaanza kushuka nayo kutoka mwanzo. Sikuwa natafuta kosa. Nilitaka kuiona hiyo nane iliyomfurahisha.

Niliiona. Manjano nane, kama alivyosema. Lakini manjano saba kati ya hizo zilikuwa na kijani ndani yake. Kwenye moja, D na R na Y zilisimama pamoja ukingoni mwake kwa ndugu wote tisa, kama askari watatu wa zamu. Kwenye nyingine P ilikaa mahali pake bila kutikisika. Ile ya mwisho kabisa ilikuwa na N na P, kisha mbili zozote, kisha Y, wote tisa bila hata mmoja kuasi. Ila manjano ya kwanza, pale mwanzo kabisa wa vipande, haikuwa na kijani hata kimoja. Mmoja alikuwa na L sita mfululizo, mwingine V na A zimechanganyika, wa tatu alianza herufi kumi kabla ya wenzake. Walikuwa manjano kama watu waliokutana barabarani na nguo za rangi moja. Hawakuwa wamevaa sare.

Nikakaa kwenye kigoda changu nikakumbuka meno.

Mashine yetu kubwa ya kuchapa ilikuwa na meno ya chuma. Yaliing'ata karatasi kwenye ncha yake moja na kuivuta ndani. Ncha hiyo ilikuwa ya lazima, bila hiyo karatasi haiingii. Lakini uchapaji ukiisha, ncha ile hukatwa ikaanguka kapuni. Hakuna msomaji aliyewahi kuiona. Haihesabiwi katika kitabu.

Nilichukua kitambaa kidogo cheupe na sindano yenye uzi wa buluu. Nikaanza juu, kwa kuwa kichwa kinachosikiliza kiko nje. Nikapenya mara saba. Uzi ukaishia chini, ndani, pale mkia unapotakiwa kuwa. Nikapenya ya nane. Uzi ukarudi juu, upande ule ule nilioanzia. Kwa hiyo kama ni nane, na mkia ubaki ndani, basi hata kichwa kiko ndani. Na kichwa kilicho ndani ya nyumba kitasikiaje mtu anayebisha nje?

Nikaivuta ile ya nane, nikafunga fundo kwenye ya saba, nikakitia kitambaa kwenye mfuko wa gauni.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ndilo lililonifanya nikae kuandika. Alhamisi saa nne asubuhi, wanafunzi watatu walitakiwa kubandika kazi zao ukutani mbele ya Profesa na walimu wengine. Mmoja kati yao angechaguliwa aende na Profesa ng'ambo, kwenye maabara kubwa, miaka minne. Chiriku alishaniambia hayo kwa pumzi moja, akiwa anapiga mswaki, povu linamtoka mdomoni, kana kwamba miaka minne ni safari ya sokoni. Na mimi nilikuwa na miaka sitini na tisa. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya bila kompyuta.

Atasimama pale, nikawaza, atasema nane. Atasema kwa ile furaha yake. Na yule mwanamke atamuuliza ushahidi uko wapi, kwa sauti ile anayoiiga kila siku, na mtoto atayeyuka mbele ya watu. Atachaguliwa mwingine. Chiriku atarudi nyumbani. Atavua viatu mlangoni, atatia vijiko vitatu vya sukari kwenye chai, atalala na kichwa chake mapajani mwangu, na jina la huyo mwanamke halitatajwa tena humu ndani.

Sikuwa mjinga, nilijua wivu ni nini. Nilishawahi kumwonea wivu dada aliyekaa na mimi dawati moja, akaendelea na sekondari nami nikabaki. Lakini ule ulikuwa wivu wa mchana, unauona unakuja unaupisha. Huu ulikuwa umeingia kimya kimya ukajitandikia kitanda.

Hata hivyo nilimpa nafasi. Au nilijipa mimi nafasi, sijui. Jumanne ile ile, tukiwa tunakula cha mchana, nilisema huku nikikusanya mabaki sahanini:

"Una hakika na hiyo nane?"

"Nimehesabu mara tatu."

"Mimi ile ya kwanza…"

"Bibi." Alitabasamu, akaniwekea mkono juu ya mkono. "Profesa ndiye atakayejua. Haya si mambo ya…"

Akakatiza.

"Si mambo ya nini?"

"Si kitu. Nipe maji, mke mwenzangu."

Nilimpa maji. Nilimeza na mimi yangu, na nikajitia hamnazo tangu dakika ile. Nilijiambia: haya, si mambo ya mtu wa darasa la saba, basi watajuana wenye mambo yao.

Jumatano mchana tuligundisha vipande juu ya manila. Yaani niligundisha mimi, kwa sababu gundi ya Chiriku hufanya viputo. Yeye alikaa kitini akijifunza maneno yake kwa sauti. "Kwa mshangao wetu," alisema, "ukoo huu unapenya utando mara nane." Akarudia. "Kwa mshangao wetu." Mimi nilibonyeza kipande cha kwanza, nikakipitisha kitambaa kikavu juu yake, nikabonyeza cha pili. Mgongo uliniuma. Penseli yangu ilikuwa sikioni, mahali pake pa siku zote. Vipande vilikuwa virefu kuliko manila moja, tukaunga mbili, na kushoto ukabaki mwanya mdogo sana, hata kidole kimoja hakienei. Kila nilipofika mwanzo wa vipande niliepusha macho. Chiriku aliponiuliza kazi ikoje, nilimwambia imenyooka.

"Imenyooka" halikuwa neno la uongo. Gundi ilikuwa imenyooka.

Alhamisi nilipika anachokipenda tangu utoto. Nilibadili shuka zake. Niliandaa hata maneno ya kumfariji, nikayasema kimoyomoyo nikiwa nafagia: kwamba kuteleza si kuvunjika mguu, nikayafuta kwa kuwa kila mtu huyasema; kwamba yeye bado kijana, nikayafuta pia; mwishoni nikachagua kumwambia tu kwamba nyumba hii haijawahi kumhesabia makosa. Yalikuwa maneno mazuri. Sikupata pa kuyatumia.

Alirudi saa nane mchana. Alivua viatu. Akavipanga ukutani, kisigino kwa kisigino, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya bila kuambiwa. Akakaa kwenye kiti cha babu yake, na Chiriku wangu, kwa mara ya kwanza tangu nikabidhiwe, akakaa kimya.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Profesa huwa anasoma kwanza, kabla hujasema chochote. Alisimama mbele ya manila yangu kama dakika tano hivi. Akainama kushoto kabisa. Akasukuma miwani. Akasema, hii nukta ni ya nani?"

Nikaanza kupanga sahani mezani.

"Nukta gani?"

"Ya penseli, Bibi. Ndogo kuliko mdudu chawa. Mimi nilidhani ni uchafu. Nikainama kuifuta kwa kidole, na nilipoinama ndiyo nikaona. Ile manjano ya kwanza. Nilishuka nayo mpaka chini, hakuna kijani. Hata kimoja! Nikakumbuka kichwa, kwamba kitakuwa ndani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, Bibi, kwa mshangao wetu ilikuwa hapa." Akajigusa koo. "Watu wote wananiangalia."

"Ukasema nini?"

"Nikasema saba. Nikasema cha kwanza ni kipande cha kuongozea, kinaipeleka protini kwenye utando kisha kinakatwa. Hatuhesabu. Profesa akasema, wanafunzi wengi hujikwaa hapo. Akasema, kwa hiyo? Nikaendelea mpaka mwisho." Akavuta pumzi. "Nimechaguliwa."

Nilisema hongera. Nilisimama nikamkumbatia, na harufu ya gundi ilikuwa bado kwenye nywele zake. Juu ya bega lake niliitazama mikono yangu mwenyewe. Nawaapia wanaosoma, sikumbuki kuitoa ile penseli sikioni. Mpaka leo sijui kama mkono uliniasi, au kama mkono ule ndio uliokuwa mimi, na aliyebaki alikuwa mgeni tu aliyejikaribisha.

"Ile nukta ni yako," akasema, kifuani kwangu.

"Nilikuwa nagundisha. Labda penseli iligusa."

Alijitoa polepole akanitazama. Huyu ndiye mtoto aliyedai ushahidi wa mvua.

"Labda," akasema. Akaenda jikoni kuchemsha chai. Alipoileta, yangu ilikuwa na sukari kama ninavyopenda, na yake haikuwa nayo.

Wiki iliyofuata Profesa alikuja. Nilimtayarishia uso wa mawe, na ukanivunjikia mlangoni, kwa kuwa aliyesimama pale alikuwa mwanamke mfupi, wa umri wa mdogo wangu, ukanda wa kiatu chake kimoja umeshonwa kwa uzi wa rangi isiyolingana. Alitaka kuona sebule yenye maabara. Nilimwonyesha sakafu. Aliitazama kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa shamba.

Chiriku alipotoka kwenda kununua maziwa, Profesa aliweka kikombe chini.

"Dada," alisema, "nimekuja kumwona mwenye nukta."

Nikamwongezea chai.

"Uliona lini?"

Ningeweza kusema uongo. Lakini yule alikuwa mtu wa kusoma ukingoni.

"Jumanne."

"Na yeye alisimama Alhamisi." Alihesabu kwa vidole juu ya goti, kama mtoto. "Ulitaka abaki."

"Ndiyo."

Nilingoja anihukumu. Alisukuma miwani yake kwa mgongo wa kiganja, na nikaona jinsi Chiriku alivyokuwa anakosea: Profesa huanza na kidole kidogo.

"Angekuwa wangu," akasema, "nisingeweka hata nukta."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo, akanyamaza, akapiga tena.

"Unajua maabarani tumechoka na wewe?" aliendelea. "Bibi anasema karatasi hukatwa kwa kufuata nyuzi zake. Bibi anasema macho yakichoka, soma kutoka chini kwenda juu. Siku moja nilishikwa na hasira nikamuuliza, huyo Bibi ana shahada gani? Mbele za watu! Mtu mzima mimi." Alicheka, lakini masikio yalikuwa yamemwiva. "Wivu tu, dada. Mimi nimemfundisha mwaka mzima, na kila nikimwambia kitu, ananiambia Bibi alishasema."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya kikohozi. Nilikitoa kile kitambaa mfukoni nikamwonyesha. Alipita juu ya uzi wa buluu kwa ukucha, moja, mbili, mpaka ya saba, penye fundo. Akakigeuza. Akakirudisha upande wa juu.

"Nipe hiki," akasema. "Nifundishie."

"Sina kingine," nikamjibu.

Nilikuwa na vitambaa kabati zima. Lakini si kila kitu nilikuwa tayari kugawana naye siku ile.

Chiriku aliondoka mwezi uliofuata, asubuhi, na sanduku moja lenye gurudumu bovu. Nilimpangia nguo mimi, kwa sababu yeye hushindilia ovyo. Katikati ya masweta mawili niliweka kile kitambaa chenye mapito saba na fundo, na matundu madogo ya ile ya nane niliyoifumua, kwa kuwa sindano ikishapita mahali huacha alama hata uzi ukitoka. Sikuandika neno. Mlangoni alinipigia mdomo mpaka mwisho: nisisahau dawa, nisipande juu ya kigoda, nisimruhusu jirani kukata ule mti. Mimi nilimwambia mara moja tu kwamba huko kuna baridi.

Sasa ni mwaka wa tatu. Ananipigia simu Jumapili, na jina la Profesa linatajwa, nami naulizia hali yake, na siku nyingine naulizia kwa moyo. Wivu haujahama. Umezeeka pamoja nami, na umepungukiwa meno.

Jumatatu iliyopita mpeleka barua aliniletea bahasha pana. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi, kumi na vinne, vimekunjwa kwa uangalifu na kufuata nyuzi. Ukoo mwingine. Herufi zilikuwa kubwa zaidi, kwa ajili ya macho yangu, bila rangi yoyote. Niliviweka mezani, maana magoti hayataki tena sakafu, na kabla sijasoma herufi hata moja niliona kitu upande wa kushoto. Nikaweka vidole vyangu viwili. Vilienea sawasawa, kwenye kila kipande, vyote kumi na vinne.

Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ndogo pia. Mwandiko wake bado unakimbia.

*Mke mwenzangu, nilikipata kitambaa siku ya kwanza nilipofungua sanduku, na matundu yake niliyahesabu. Hizi ni kabla ya kompyuta. Ukiona kitu, sema. Kama hutaki kusema, weka.*

Niliisoma kutoka chini kwenda juu, kisha kutoka juu kwenda chini. Nikasogeza kiti karibu na dirisha, nikachonga penseli.